Kunyamaza si Kunyamazishwa: Tunachoweza Kujifunza kwa Marafiki

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika za Korogwe na Handeni, iliyofanyika Hale. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)



Tunawashukuru wenyeji wetu wa Hale kwa mapokezi mazuri, na kwa chai iliyotufanya tuchelewe kuanza. Tumeombwa tuzungumze juu ya kile ambacho ibada na taratibu za Marafiki, ambao kwa Kiingereza wanajulikana zaidi kama Quakers, zinaweza kutoa kwa makanisa mengine. Jana jioni mzee mmoja alituuliza: "Sisi Walutheri tuna katekisimu, tuna liturujia, tuna katiba. Tunakwenda kujifunza nini kwa watu ambao hawabatizi kwa maji wala hawana Meza ya Bwana?"

Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni fupi. Hatuendi kujifunza imani upya. Tunakwenda kuazima chombo kimoja cha kazi, kama jirani anavyoazima jembe, nacho ni namna yao ya kukaa pamoja na kuamua jambo. Ili mwone kwa nini tunakihitaji, itabidi tuanze na aibu yetu wenyewe.

Kura nane kwa saba

Miaka michache iliyopita usharika mmoja wa upande wa Handeni ulipata fedha za kuchimba kisima. Ninyi mnaotoka huko mnajua maana ya maji. Mnajua mama anaamka saa ngapi kufuata ndoo moja. Wafadhili walitoa fedha za kuchimba, pampu na saruji, na wananchi walitakiwa kuchangia nguvu kazi: mawe, mchanga na kuchimba msingi.

Kamati ilikuwa na wajumbe 15 na sehemu mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa kiwanja cha kanisa. Ya pili ilikuwa jirani na shule ya msingi, upande wa pili wa kijiji, ambako wanaishi watu wengi wakiwamo ndugu zetu Waislamu. Wapimaji walisema maji yapo pande zote mbili. Vikao viwili vilipita kwa mabishano. Sisi kutoka ofisini tulikuwa na haraka, maana robo mwaka ilikuwa inaisha na taarifa ilikuwa inasubiriwa. Tukasema, pigeni kura. Ikawa nane kwa saba, kisima kikajengwe kiwanja cha kanisa. Tukaandika kwenye taarifa kwamba kamati imeamua kidemokrasia, tukapanda gari tukaondoka tumefurahi.

Siku ya kusomba mawe walikuja watu 11. Wiki iliyofuata walikuja wanne. Saruji ilikaa stoo hadi ikaganda. Wale saba hawakupinga hadharani wala hawakuandika barua. Walikaa kimya tu, na watu wao wakakaa kimya pamoja nao. Kikao kilichofuata kilitumia zaidi ya saa nzima kwenye "Yatokanayo" wakibishana ni nini hasa kiliamuliwa, kwa sababu katibu aliandika muhtasari nyumbani kwake, siku tisa baada ya kikao.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tuliwahesabu wale wengi, lakini neno lao hatukulisikia. Kosa lile lilikuwa la ofisi yetu, na tunalisema hapa mbele ya wafadhili wetu.

Marafiki ni akina nani?

Marafiki walianza Uingereza katika miaka ya 1650, kipindi cha vita na mabishano makali ya dini. Kiongozi wao wa kwanza, George Fox, alifundisha kwamba Kristo mwenyewe anaweza kumfundisha mtu yeyote, mwanamume kwa mwanamke, msomi kwa asiyesoma. Jina lao linakumbusha Yohana 15, pale Bwana anapowaita wanafunzi wake rafiki badala ya watumwa. Wengi wao walifungwa jela. Walikataa kuapa mahakamani kwa kufuata Mathayo 5, wakisema mtu wa kweli husema kweli siku zote, hata pasipo kiapo. Wafanyabiashara wao walijulikana kwa kutaja bei moja kwa kila mteja, tajiri kwa maskini. Familia za Marafiki ndizo zilizoanzisha chokoleti za Cadbury, na pia benki ya Barclays, ambayo hapa Tanzania tuliizoea kwa jina hilo kabla haijaitwa Absa.

Sisi Walutheri tusijione wageni sana hapo. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kwamba waamini wote ni makuhani kwa ubatizo wao. Tofauti ni kwamba sisi tumeliweka fundisho hilo kwenye kipaimara, na Marafiki wameliweka kwenye kikao.

Wako jirani kuliko tunavyodhani

Mtu akisimama Tanga akitazama baharini, kisiwa cha Pemba kiko mbele yake. Mwezi Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Marafiki wa Uingereza walikuwa miongoni mwa walioipigania, na mwaka huohuo walimtuma Theodore Burtt kwenda Pemba. Walipata shamba la karafuu mahali panapoitwa Banani, na hapo watu waliotoka utumwani walifanya kazi kwa ujira. Kazi ile haikuzaa kanisa kubwa. Lakini kwa mtu ambaye jana alikuwa mali ya mwingine, kulipwa ujira wa kazi yake kulikuwa mahubiri tosha.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni ya Marafiki Kaimosi, magharibi ya Kenya. Kutokana na mbegu ile, leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Chilson huyohuyo mwaka 1934 alianzisha misheni ya Kibimba, Burundi.

Kibimba tunaitaja kwa uzito. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya pale waliuawa kwa kuchomwa moto. Ni siku zilezile ambapo Warundi kwa maelfu walivuka mpaka kuja Kigoma na Kagera. Baadaye Kibimba ilipata kamati ya amani ya Wahutu na Watutsi waliokubali kukaa chumba kimoja. Kuanzia 2003 Marafiki wa Rwanda na Burundi walitengeneza mafunzo ya siku tatu ya kuponya majeraha ya moyo, washiriki 20, kumi kutoka kila upande. Walichukua pia mafunzo ya kuepuka ukatili yaliyoanzia mwaka 1975 katika gereza la Green Haven huko New York, ambako wafungwa wenyewe ndio waliowaomba Marafiki msaada.

Kenya ilipoingia katika ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 walikufa, Marafiki walikutana Kakamega Januari 2008, hali ikiwa bado mbaya, kutafuta la kufanya. Wengi wa waliojeruhi na waliojeruhiwa walikuwa majirani zao. Walipeleka misaada kambini na kuanza vikao vya kusikilizana. Mwenzetu mmoja wa ofisini alihudhuria baadaye mafunzo ya amani huko magharibi ya Kenya, na ndiye aliyeturudishia chombo tunachokizungumzia leo.

Ibada yao na kikao chao

Tuseme ukweli ili mtu asije akaenda Kaimosi akashangaa. Marafiki wengi wa Kenya wana wachungaji, mahubiri, kwaya na nyimbo, na Jumapili yao haiko mbali sana na ya kwetu. Ibada ya ukimya ni ya tangu mwanzo wao, na imeendelea zaidi Uingereza na katika sehemu za Marekani. Watu huingia, huketi, hunyamaza. Hakuna mhubiri aliyepangwa. Mtu akisukumwa na Roho husimama, husema maneno machache, huketi, na wengine huyapima kwa kimya kabla mwingine hajasimama. Someni 1 Wakorintho 14, mstari wa 29 hadi 31, mtaona kwamba Mtume Paulo aliagiza jambo linalofanana na hilo.

Kikao chao cha shughuli huhesabiwa kuwa ibada. Huanza kwa ukimya na kumalizika kwa ukimya. Hakuna mwenyekiti wa kuamua, kuna karani. Hawapigi kura. Kila anayesema husema mara moja, huelekeza maneno kwa karani badala ya kumjibu aliyetangulia, na baina ya msemaji mmoja na mwingine kuna kituo kidogo. Karani akiona kikao kinaelekea mahali fulani, huandika uamuzi hapohapo na kuusoma kwa sauti. Waliopo hurekebisha maneno mpaka waseme, ndiyo, hiki ndicho. Kikishindikana, jambo huahirishwa. Asiyekubali anaweza kusema, "Sioni hivyo, lakini sitawazuia," na neno lake linaheshimiwa.

Ninyi wa Hale mnaishi jirani na kituo cha kufua umeme kilichoanza kazi mwaka 1964. Maji ya Mto Pangani hayaingii kwenye mitambo moja kwa moja yalivyo. Yanazuiwa kwanza, yanakusanyika, ndipo yanashushwa. Mpita njia akiyaona pale yaliposimama atadhani yamelala, kumbe nguvu yote inatoka hapo. Kimya kingi kina mshindo.

Tulivyojaribu

Tulirudi katika usharika ule tukaiomba kamati ikubali kikao cha tatu, kwa utaratibu mpya. Tuliweka mambo manne tu. Tutaanza kwa dakika kumi za kimya baada ya Neno. Kila mjumbe atasema mara moja kabla yeyote hajasema mara ya pili. Mwenyekiti, mchungaji na sisi wa ofisi tutasema mwisho. Katibu ataandika uamuzi mezani na kuusoma kabla ya sala ya kufunga.

Dakika zile kumi zilikuwa ngumu. Watu walikohoa, simu moja ililia, mzee mmoja akasinzia. Kisha wakaanza kusema. Mjumbe wa tisa alikuwa mama ambaye katika vikao viwili vya kwanza muhtasari unamtaja kwenye mahudhurio tu. Alisema kisima kikiwa ndani ya uzio wa kanisa, mama wa Kiislamu atakuja siku ya kwanza kwa shida, siku ya pili ataona haya, siku ya tatu atamrudisha mtoto wake lamboni. Akasema, "Na mtoto huyo anakaa dawati moja na wa kwangu. Akiugua tumbo, wangu naye ataugua." Akaketi.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu utaratibu haukuruhusu kumjibu. Kama tungekuwa kwenye kikao cha kawaida, angejibiwa kabla hajamaliza. Wajumbe sita waliokuwa wamebaki walisema kila mmoja kwa zamu yake, na maneno ya mama yule yalikuwa ndani ya maneno yao. Mwenyekiti, aliyekuwa kiongozi wa wale nane, alisema mwisho: yeye bado angependa kiwanja cha kanisa, lakini hatasimama njiani. Katibu aliandika sentensi tatu, akazisoma, neno moja likabadilishwa. Kisima kilijengwa jirani na shule. Kamati ya maji ilipoundwa iliwekwa nusu Wakristo, nusu Waislamu. Kusomba mawe kulichukua siku nne.

Wafadhili wetu, tuwaambie pia gharama yake. Taarifa ya robo mwaka ile ilisomeka hivi: hakuna kilichojengwa. Tuliogopa kuituma, lakini tuliituma, tukaeleza sababu. Tunawashukuru kwamba mlituelewa.

Tahadhari

Tusije tukatoka hapa tukidhani tumepata dawa ya kila ugonjwa. Tuna tahadhari tatu.

Ya kwanza ndiyo kubwa. Kunyamaza ni kitu kimoja, kunyamazishwa ni kingine. Katika mila zetu nyingi mwanamke na kijana wanajua kukaa kimya mbele ya wakubwa, na hilo halikufundishwa na Roho Mtakatifu. Katika usharika mwingine tulikojaribu, mwenyekiti alitoa maoni yake kwanza, kisha akatangaza kimya, kisha akasema, "Naona wote tumekubaliana." Huko ni kuwafunga watu midomo kwa jina la Mungu. Marafiki wenyewe waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1666 Margaret Fell aliandika kitabu kutetea haki ya wanawake kunena kanisani. Ukimya unaofaa humtuliza kwanza yule aliyezoea kusema, ili yule asiyezoea apate nafasi. Mkiona kimya chenu kinawapa nguvu walewale, kiacheni, rudini kwenye kura. Kura ya siri ni bora kuliko kimya cha hofu.

Ya pili ni muda. Mwaka 1688 Marafiki wanne huko Germantown, Marekani, waliandika kupinga utumwa. Mmoja wao, Francis Daniel Pastorius, alikuwa Mjerumani aliyelelewa katika Ulutheri. Vikao vya juu viliona jambo ni zito, vikaliahirisha. John Woolman na wengine walizunguka kwa miaka mingi kuzungumza na wenye watumwa nyumba kwa nyumba. Ni mwaka 1776 ndipo Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulipokataza washirika wake kumiliki watumwa. Walifika kwa umoja, na walifika mapema kuliko makanisa mengi. Lakini ni miaka 88, na mtumwa aliyekuwa shambani hakuwa na miaka 88 ya kusubiri. Kwa hiyo mambo ya kuumizwa kwa mtu, wizi wa fedha za mradi, au unyanyasaji wa mtoto, hayangojei umoja wa kamati. Hayo yana sheria, na yashughulikiwe siku hiyohiyo.

Ya tatu, utaratibu mzuri haumfanyi mtu kuwa malaika. Marafiki wa Kenya walikuwa na mkutano mmoja wa mwaka kuanzia 1946, lakini kuanzia miaka ya 1970 walianza kugawanyika, na mingine ya migawanyiko hiyo ilikuwa ya uchungu, yenye kugombea uongozi na mali. Tunalisema bila kuwacheka. Hakuna dayosisi inayoweza kuwarushia jiwe.

Mapendekezo kwa kamati

1. Kila kikao cha mradi kianze kwa Neno na dakika tano za kimya. Tano zinatosha kwa kuanzia.
2. Katika ajenda moja nzito, kila mjumbe aseme mara moja kabla ya yeyote kusema mara ya pili. Viongozi na wageni waseme mwisho.
3. Uamuzi uandikwe na kusomwa kabla ya kufunga kikao. Muhtasari kamili unaweza kufuata, lakini sentensi za uamuzi zisiandikiwe nyumbani.
4. Kura ikibaki na tofauti ndogo, jambo liahirishwe mara moja kabla ya kutekelezwa, na walioshindwa watembelewe nyumbani, wasikilizwe.
5. Ofisi ya miradi, na ninyi wafadhili, tukubaliane kwamba kila mradi uwe na muda wa kusikilizana ndani ya mpango kazi wake, na muda huo usihesabiwe kuwa ucheleweshaji.

Katiba yetu haizuii lolote kati ya haya. Pale inapodai kura, tutapiga kura, lakini tutapiga baada ya kusikilizana.

Maswali ya kujadili katika usharika

Marafiki wana desturi ya kujiuliza maswali mara kwa mara badala ya kujipa majibu. Tunawaachia haya matatu.

Katika kikao chetu cha mwisho, ni nani hakusema neno, na kwa nini?

Ni uamuzi gani wetu uliopita kwa kura lakini haujatekelezwa, na wale walioshindwa wako wapi leo?

Majirani zetu wasio wa kanisa letu wangesema nini juu ya mradi wetu kama wangeulizwa?

Kumalizia

Mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15 ulikuwa na mabishano mengi. Lakini kabla ya uamuzi tunaambiwa kwamba mkutano wote ulinyamaza, ukawasikiliza Barnaba na Paulo. Chombo hiki basi hakikuanzia Uingereza wala Kaimosi. Kilikuwa chetu sote, na Marafiki wamekitunza vizuri tu kuliko sisi. Tukiazime, tukitumie, na siku moja tuwashukuru.

Sasa tunaomba tukae kimya dakika tano. Baada ya hapo tutaanza maoni, na tunaomba aanze mtu ambaye tangu asubuhi hajasema.